Fahamu: Mtungi wa mzamiaji, lita 11 au futi 80?

Wageni wanaozamia kwenye matumbawe ya Mbudya na Bongoyo, visiwa vilivyo mbele ya fukwe za Kinondoni, huweza kubishana juu ya mtungi uleule. Mmarekani anauita 80, Mjerumani anauita wa lita 11. Wote wako sawa.

Mjerumani anapima nafasi ya ndani: mtungi ukijazwa maji, zinaingia lita 11.1. Mmarekani anapima hewa itakayotoka ikiachiwa, takriban futi 80 za ujazo. Namba yake haina maana bila presha, ambayo kwa mtungi huu wa alumini ni psi 3,000, yaani bar 207.

Hesabu ya lita ni nyepesi. Zidisha 11.1 kwa 207, unapata karibu lita 2,300 za hewa. Ila hewa iliyobanwa sana haitii hesabu hiyo. Halisi ni kama lita 2,190, sawa na futi 77.4 za ujazo. Naam, hata hiyo 80 imekuzwa kidogo!

Kosa la hatari liko kwenye geji ya presha. Bar 50, akiba ambayo wazamiaji wengi huibakiza, husomeka psi 725 kwenye geji ya Kimarekani. Anayebadilisha geji bila kuuliza anaweza kuchanganyikiwa akiwa chini ya maji.