Kifuniko cha Mbele cha Pikapu Wakati wa Baridi: Namna ya Kukifunga na Mahali pa Kukivua

Kuanzia mwezi Juni hadi Agosti, wakazi wa uwanda wa Kitulo na vijiji vinavyouzunguka huamka na kukuta nyasi zimefunikwa na sakitu, ambayo wengi huiita barafu. Uwanda huo upo kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na usiku usio na mawingu joto hushuka hadi kukaribia nyuzi sifuri. Alfajiri hiyo hiyo ndipo pikapu zinapotakiwa kupakia viazi mviringo na maziwa, na pengine kumwahisha mama mjamzito hospitalini. Dereva huwasha injini na kusubiri, lakini mshale wa geji ya joto hauinuki. Wengine huchukua boksi la karatasi ngumu au gunia na kulipachika mbele ya rejeta.

Desturi hiyo ina maana yake. Nchini Kanada, na katika majimbo ya Marekani kama Alaska na Minnesota, ambako baridi huweza kufika nyuzi 30 chini ya sifuri, pikapu nyingi za dizeli hufungwa kifuniko maalumu wakati wa majira ya baridi. Hushonwa kwa turubai nzito au plastiki laini kwa umbo la wavu wa mbele, ambao mafundi wetu huuita shoo, na huwa na milango midogo inayofunguliwa hali ya hewa inapobadilika. Injini ya dizeli hutoa joto dogo inapounguruma bila mzigo, hivyo upepo wa baridi huweza kuipoza hata ikiwa inafanya kazi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hutumia mafuta mengi zaidi, na unyevu hujikusanya ndani ya oili badala ya kukauka. Vyuma vyake pia husagika upesi.

Hata hivyo, baridi ya Kitulo si baridi ya Alaska. Kabla ya kushona kifuniko chochote, mwenye gari anapaswa kwanza kujua kama tatizo lake ni baridi au ni themostati.

Themostati ni mlango mdogo unaokaa katika njia ya maji kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi, mlango huo hufungwa na maji huzunguka ndani ya injini peke yake hadi yapate moto. Katika magari mengi hufunguka joto linapofika kati ya nyuzi 80 na 90, na hapo ndipo maji huruhusiwa kwenda kupozwa kwenye rejeta. Kwa bahati mbaya, limezoeleka jambo moja katika gereji nyingi: gari likichemsha, fundi huing'oa themostati na kuitupa, akiamini kuwa amemaliza tatizo. Kumbe ameacha mlango wazi saa zote. Gari la namna hiyo likipelekwa nyanda za juu halipati moto, na mwenye gari huanza kutafuta boksi la kuziba rejeta. Anatibu kosa kwa kosa jingine.

Kipimo chake ni rahisi. Themostati ikitumbukizwa katika sufuria ya maji na kuchemshwa polepole jikoni, inapaswa kuonekana ikifunguka, kisha ijifunge yenyewe inapopoa. Ikumbukwe kuwa kwa kimo cha mita 2,600 maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, si 100 kama pwani. Kwa hiyo themostati iliyoandikwa nyuzi 82 itafunguka kabla ya maji kutokota. Tofauti hiyo ya kuchemka inahusu pia rejeta yenyewe. Kizibo cha rejeta kilicholegea hakishikilii mgandamizo, na maji matupu ndani yake yatachemka mapema zaidi huku juu kuliko Dar es Salaam.

Maji matupu yana hatari ya pili. Yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na nguvu hiyo inatosha kupasua rejeta au hata bloku ya injini. Kifuniko cha mbele hakizuii jambo hilo kwa gari lililolala nje usiku kucha. Kinachozuia ni kulanti. Mchanganyiko wa nusu kulanti ya glaikoli na nusu maji safi hauwezi kuganda kwa baridi yoyote inayojulikana nchini, na huchelewa kuchemka kuliko maji. Dawa hiyo ni sumu yenye ladha tamu, na mtoto au mbwa huweza kuinywa bila kusita. Isimwagwe uani wala karibu na chanzo cha maji, na dumu lake lisitumiwe tena kwa kuhifadhia kinywaji.

Ikiwa themostati ni nzima, kulanti ipo, na bado mshale wa geji hushuka gari linapoteremka au linapokwenda bila mzigo asubuhi ya baridi kali, hapo kifuniko kina kazi. Kipande cha turubai au plastiki nzito kinatosha, na fundi cherehani yeyote anayeshona viti vya magari anaweza kukishona. Wavu wa mbele uoshwe kwanza, kwa kuwa tope na nyasi zilizokaa nyuma ya kifuniko huziba rejeta bila kuonekana. Vipimo vichukuliwe kwa nje ya shoo, si kwenye rejeta yenyewe, na kifuniko kifungwe kwa ndoano na mpira kwenye kingo za shoo. Kutoboa au kupitisha waya katikati ya mapezi ya rejeta ni kujitafutia uvujaji. Boksi la karatasi halifai: likilowa hulainika, hunyonywa na feni na kuganda kwenye mapezi kama plasta.

Kifuniko kisizibe uso wote. Feni za pikapu nyingi za dizeli huendeshwa na klachi inayohisi joto la hewa inayopita katikati ya rejeta. Sehemu hiyo ikizibwa, klachi haipati habari kuwa injini imepata moto, na feni haiongezi kasi. Ndiyo maana tundu la kupitisha hewa huachwa katikati, mbele ya feni, na ni pande ndizo zinazofunikwa. Kwa gari lenye tabo, fundi aangalie pia intakula ilipo. Baadhi ya pikapu huiweka juu ya injini, chini ya tundu la boneti, na nyingine huiweka mbele ya rejeta au chini ya bampa. Intakula isifunikwe. Taa na namba ya usajili navyo vibaki wazi.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni barabara. Pikapu inayotoka Kitulo kupitia Matamba hushuka kwa kona kali zinazofahamika kama Hamsini na Saba, hadi Chimala kwenye barabara kuu ya Tanzania na Zambia. Uwanda wa Usangu upo zaidi kidogo ya mita 1,000 tu juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni ya joto zaidi kwa nyuzi 10 hivi au hata kuzidi, hasa mchana. Wakati wa kuteremka kifuniko hakina madhara makubwa. Hatari ipo katika kurudi: gari limepakia mbolea na saruji, lipo gia ya kwanza na ya pili, upepo wa mbele ni mdogo, na dereva amesahau turubai aliyoifunga alfajiri. Katika hali hiyo gasketi ya silinda hedi huweza kuungua, na hedi yenyewe huweza kupinda. Matengenezo ya hedi huweza kumaliza mapato ya msimu mzima wa viazi, na abiria mgonjwa hubaki kando ya korongo akingoja gari jingine.

Kwa sababu hiyo kifuniko kivuliwe kabla ya kuanza kuteremka, na kiwekwe nyuma ya kiti, mahali ambapo dereva hawezi kukirudisha bila kukusudia. Akiona mshale unapanda kupita kawaida, asimame mahali salama, aweke jiwe kwenye gurudumu, avue kilichopo mbele na aiache injini iungurume taratibu ili maji yaendelee kuzunguka. Kama mvuke tayari unatoka, aizime. Kizibo cha rejeta kisiguswe hadi hozi ya juu ipoe na iweze kushikwa kwa mkono mtupu, jambo linaloweza kuchukua nusu saa au zaidi. Maji yaongezwe kidogo kidogo. Maji baridi yakimwagwa kwa pupa ndani ya injini yenye moto hupasua chuma.