Semina Imekwisha: Sasa Nani Atamtembelea Kiongozi wa Vijana?



Katika parokia zetu, kuanzia Othaya na Mukurweini hadi Karatina na Nanyuki, mambo huwa ni yale yale. Viongozi wapya wa vijana wanachaguliwa baada ya Misa, watu wanapiga makofi, na baadaye wanaitwa kwa semina ya siku mbili. Wanarudi nyumbani na daftari, pengine na cheti, na moyo umewaka. Halafu inakuwa kimya. Ukiuliza baada ya miezi sita utaambiwa kwamba mwenyekiti alienda Nairobi kutafuta kazi, katibu hajaonekana tangu Pasaka, na mweka hazina amebaki akifanya kila kitu peke yake. Wazee wanatikisa vichwa: "Vijana wa siku hizi hawana msimamo."

Hebu tuangalie jambo hili vizuri kabla ya kulaumu. Hakuna mkulima wa Nyeri anayepanda mche wa kahawa, akaenda zake, kisha akarudi baada ya miaka mitatu na kikapu cha kuvunia. Atapalilia, atatia mbolea, atapogoa, atachunguza majani kama yana ugonjwa. Semina ni kupanda tu. Ile kazi nyingine yote ndiyo tunayoisahau, na ndiyo makala hii inataka kueleza.

KIONGOZI TUNAYEMZUNGUMZIA NI NANI?

Katiba ya Kenya ya 2010 inasema kijana ni mtu aliyefikisha miaka 18 na ambaye hajafikisha 35. Lakini katika kikundi cha kanisa utakuta pia msichana wa Kidato cha Pili mwenye miaka 16, ameketi benchi moja na mwanamume wa miaka 30 aliye na mke. Anayewaongoza wote mara nyingi ni kijana wa miaka 22 hivi. Amemaliza shule, anafanya kibarua cha mjengo au anaendesha boda boda, au anasaidia mama yake kuuza nguo za mitumba soko la Karatina. Nauli ya kwenda mikutanoni anaitoa mfukoni mwake. Nyumbani anaulizwa, "Hiyo kazi ya kanisa inakulipa nini?"

Kijana huyu ndiye anayeletewa habari kwamba mwenzake ameanza kulewa, kwamba msichana fulani ana mimba na anaogopa kurudi kwao, kwamba mwingine anasema amechoka kuishi. Ni mzigo mkubwa. Mzee wa kanisa mwenye miaka 60 angeutafutia msaada, lakini kijana tunamwachia abebe peke yake.

MAFUNZO YAFANANE NA KAZI

Mafunzo mengi ni hotuba. Mgeni anasimama mbele kutoka asubuhi hadi saa kumi, vijana wanaandika. Wakirudi nyumbani nao wanahutubia wenzao vivyo hivyo, na wenzao wanaacha kuja.

Kanisa la Kenya lina urithi ulio bora kuliko huo. Katika miaka ya 1970 Anne Hope na Sally Timmel walifanya kazi hapa nchini na kuanzisha mafunzo yaliyojulikana kama DELTA, ambayo yalienea katika majimbo mengi. Walichukua mawazo ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazil aliyefundisha watu wazima kusoma kwa kuanzia na maisha yao wenyewe. Vitabu vya mafunzo hayo vilichapishwa Zimbabwe mwaka 1984, na vimesafiri dunia nzima.

Msingi wa DELTA ni kusikiliza kwanza. Kabla ya kupanga mafunzo, kikundi kidogo kinaenda sokoni, stejini, kwenye foleni ya maji, kiwandani watu wanapopeleka kahawa, na kusikiliza. Hawaendi na karatasi ya maswali. Wanasikiliza ni jambo gani linawafanya watu wapaze sauti, wacheke kwa uchungu au wanyamaze ghafla. Jambo linalogusa moyo hivyo ndilo watu watakuwa tayari kulishughulikia.

Baadaye jambo hilo linaletwa kwa kikundi kwa njia ya picha au mchezo mfupi wa dakika tano. Mchezo unaonyesha tatizo bila kutoa jibu. Kiongozi anauliza: Mmeona nini? Je, hutokea kwetu? Kwa nini hutokea? Tufanye nini? Kijana aliyenyamaza miaka miwili kanisani ataanza kusema, kwa sababu sasa anaulizwa kitu anachokijua.

Njia hii ni ndugu wa karibu wa ile ya Kuona, Kuamua, Kutenda. Hiyo ilitoka kwa Joseph Cardijn, padre wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1925 chama chake cha vijana wafanyakazi Wakristo kilianzishwa rasmi. Cardijn aliona kwamba vijana wa viwandani wanaweza kuwahubiria wenzao kuliko padre. Papa Yohane XXIII aliisifu njia hiyo katika barua yake ya mwaka 1961 kuhusu mambo ya jamii. Waliopitia YCS wakiwa shule ya upili wanaifahamu.

Tuchukue mfano wa pombe, kwa sababu huo ni msiba wetu sote. Mwezi wa Februari 2024, huko Kangai katika Kaunti ya Kirinyaga, zaidi ya watu kumi walikufa baada ya kunywa pombe haramu. Vijana wakikutana wafanye hivi.

Kuona: Wahesabu ni nyumba ngapi zinauza pombe kati ya kanisa na steji. Nani anakunywa, saa ngapi, na pesa anapata wapi? Wengine watagundua kwamba wenzao wanaanza kunywa saa nne asubuhi kwa kukosa kazi.

Kuamua: Wasome Injili na kulinganisha. Msamaria mwema alifanya nini alipomkuta mtu kando ya njia? Sisi tumepita upande wa pili mara ngapi?

Kutenda: Wachague jambo moja dogo linalowezekana katika mwezi mmoja. Kwa mfano, kumtembelea rafiki mmoja kila Jumamosi, kuanzisha mazoezi ya mpira saa zile za kunywa, au kwenda wanne kwa chifu na mlezi wao. Wasitangaze vita dhidi ya pombe katika kaunti nzima, maana wataanguka wiki ya pili na kukata tamaa.

Mafunzo mazuri pia yafundishe kuendesha mkutano bila kuzidi muda, kuandika kumbukumbu, kuweka hesabu, kupatanisha waliogombana, kusali na kuongoza wengine katika sala. Na tupange wakati vizuri. Ukiita vijana wa Tetu au Mathira kwa semina mwezi wa Novemba, wakati kahawa nyingi inachumwa, utapata viti vitupu. Likizo ya Aprili au Agosti inafaa zaidi, hasa kwa walio shuleni.

BAADA YA SEMINA

Injili ya Marko sura ya 6 inatuonyesha jinsi Bwana Yesu alivyofanya. Aliwatuma Mitume wawili wawili, hakumtuma yeyote peke yake. Waliporudi walimweleza yote waliyofanya na kufundisha. Yeye akawachukua kando, mahali pa faragha, wakapumzike kidogo. Hapo kuna mambo matatu: kutumwa pamoja, kurudi kusimulia, na kupumzika. Sisi tumeshika neno "kutuma" tu.

Hapa Nyeri tunaye mfano wetu. Sista Irene Stefani, Mkonsolata, alifanya kazi Gikondi kuanzia 1920 hadi alipofariki tarehe 31 Oktoba 1930, baada ya kuambukizwa tauni akimuuguza mgonjwa. Watu walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alipanda na kushuka vilima vya Mukurweini kwa miguu akiwatafuta watu manyumbani mwao, na aliwaandikia barua wale wasiojua kuandika ili wasipoteane na watoto wao waliokwenda mbali. Alitangazwa Mwenyeheri hapa Nyeri tarehe 23 Mei 2015. Huyo alijua maana ya kumfuata mtu alipo. Leo tunayo simu mfukoni, na bado hatujui mwenyekiti wetu wa vijana yuko hospitali.

Basi, kumsindikiza kiongozi ni kufanya nini hasa? Haya yanawezekana katika parokia yoyote, hata ile isiyo na pesa:

1. Kila kiongozi awe na mlezi mmoja anayejulikana kwa jina. Anaweza kuwa mwalimu, mama wa jumuiya, katekista au fundi. Sifa yake kubwa iwe kusikiliza na kutunza siri. Asichukue kiti cha kijana wala kuamua kwa niaba yake.

2. Wakutane mara moja kwa mwezi, saa moja tu, kwa maswali manne: Umefanya nini? Umejifunza nini? Nini kinakulemea? Mwezi ujao utafanya nini, na nani atakusaidia? Swali la tatu lisirukwe hata mara moja.

3. Parokia itenge nauli. Kijana asiye na kazi akitoa nauli yake kila wiki, tunajenga kanisa kwa njaa yake. Halmashauri ya parokia iweke kiasi kidogo, kiandikwe na kutolewa hesabu.

4. Viongozi wafanye kazi wawili wawili. Wagikuyu wanasema, "Kamuingi koyaga ndiri," yaani kikundi kidogo hunyanyua kinu. Mmoja akipata kibarua Nanyuki, mwenzake anaendelea.

5. Mara moja kwa mwaka wapate siku ya mafungo isiyo na ajenda wala ripoti.

Baba Mtakatifu Fransisko aliandika jambo hili katika waraka wake kwa vijana, Christus Vivit, wa Machi 2019, uliofuata Sinodi ya Oktoba 2018. Alieleza kwamba vijana wanahitaji watu wa kuwasindikiza, na kwamba vijana wenyewe wana uwezo wa kuongoza wenzao.

JEZI ZA MHESHIMIWA

Kuna jaribu moja ambalo kiongozi wa vijana lazima afundishwe kulikabili mapema. Uchaguzi ukikaribia, mwanasiasa hufika na jezi, mpira na bahasha. Kijana ambaye kikundi chake hakijawahi kupata hata mpira mmoja atakataaje? Baadaye ataambiwa alete vijana kwenye mkutano, na kikundi kitagawanyika.

Mwezi wa Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilikataa michango ya wanasiasa na kuamuru irudishwe. Ikiwa maaskofu wanaweza kusema hapana, na vijana wetu waweze. Lakini itakuwa rahisi kwao kusema hapana kama parokia yenyewe imewanunulia mpira. Wasidanganywe na yeyote kwamba hawana nguvu. Juni 2024 vijana wa nchi hii walipopinga Mswada wa Fedha, walipangana bila kumngoja mwenyekiti yeyote. Nguvu wanayo. Wanachohitaji kwetu ni watu wazima wa kufikiri pamoja nao.

WATOTO WALINDWE

Chini ya Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kwa hiyo kambi, safari na kesha za maombi ziwe na watu wazima wanaoaminika, wa kike na wa kiume, na malazi ya watoto yatenganishwe na ya watu wazima. Kiongozi afundishwe kwamba akiambiwa mtoto amedhulumiwa, hilo si jambo la kusuluhishwa na kikundi wala kufichwa ili jina la kanisa lisichafuke. Amwambie mlezi siku hiyo hiyo, na habari ifike kwa ofisi ya watoto au polisi. Hata kama anayeshukiwa ni mtu mkubwa kanisani.

NANI ATAFUATA?

Mwisho, kiongozi aandae mwingine. Tukumbuke Mashahidi wa Uganda. Yosefu Mukasa Balikuddembe, aliyewaongoza vijana Wakristo katika jumba la Kabaka Mwanga, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Kikundi hakikutawanyika. Karoli Lwanga, kijana wa miaka ishirini na kitu, alishika nafasi yake, akaendelea kuwafundisha na kuwakinga wadogo. Kabla ya kuuawa Namugongo tarehe 3 Juni 1886 alikuwa amewabatiza baadhi yao, akiwemo Kizito, mvulana wa miaka 14 hivi. Mukasa hakuwa amejilimbikizia kazi. Alikuwa amelea watu.

Kwa hiyo, wajumbe wa halmashauri za parokia, kabla hamjapanga semina nyingine, kaeni chini na orodha ya viongozi wa vijana mlionao sasa. Kando ya kila jina andikeni jina la mlezi wake, na tarehe aliyomtembelea mara ya mwisho. Mahali penye nafasi tupu, hapo ndipo pa kuanzia. Ninyi akina mama na akina baba wa jumuiya ndogo ndogo, mnaweza kuanza Jumapili hii: mwulizeni kiongozi wenu wa vijana habari zake mwenyewe, kabla ya kumwuliza habari za kikundi.

Wazee wetu walisema, "Mugi ni mutaare," mwenye hekima ni yule aliyepewa mashauri. Tuwape vijana mashauri yetu, pamoja na muda wetu. Mungu awabariki.