Kuondoa Mji wa Mimba: Je, Ni Tiba ya Matatizo ya Kuelekea Kukoma Hedhi?

Mwanamke aliyepita umri wa miaka 40, ambaye hedhi yake imekwisha poteza mpango, usiku huamka ametota jasho na mchana hana utulivu, huweza kumwomba daktari amwondolee mji wa mimba ili apumzike na adha hiyo. Hoja yake yaonekana nyoofu: hedhi hutoka katika mji wa mimba, basi kiungo hicho kikiondolewa taabu yote itaondoka nacho. Elimu ya viumbe yaonyesha kwamba hoja hiyo ina ukweli nusu tu.

Chanzo cha mabadiliko hayo hakimo katika mji wa mimba bali katika ovari. Mtoto wa kike huzaliwa na mbegu za mayai zipatazo milioni 1 hadi 2. Afikapo balehe husalia kama 300,000 au 400,000, na hedhi ikomapo, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, huwa zimebaki chache mno. Katika miaka ya kuelekea huko ovari hufanya kazi kwa kusuasua. Ipo miezi ambayo yai halitoki, na kwa hiyo projesteroni haitengenezwi ya kutosha, ilhali estrojeni huendelea kuunenepesha utando wa ndani wa mji wa mimba bila kizuizi. Utando huo ubomokapo, damu hutoka kwa wingi na kwa siku nyingi. Mafukuto nayo hutokana na kupanda na kushuka kwa estrojeni, ambako huivuruga haipothalamasi, sehemu ya ubongo isimamiayo joto la mwili, hata ikauamuru mwili utoe jasho pasipo haja.

Kwa hiyo upasuaji huu hukomesha hedhi, na hapo hauna mshindani. Mwenye vivimbe vikubwa vya misuli ya mji wa mimba, ambavyo huwapata mno wanawake wa asili ya Kiafrika, au mwenye kupungukiwa damu kila mwezi hata akashindwa kazi, huenda akarejeshewa afya yake. Lakini mafukuto hayaondoki, kwa kuwa ovari bado zimo, zikisuasua vilevile. Tena mwanamke huyo amepoteza alama ya hedhi ambayo ingemjulisha amefika wapi.

Madaktari wengi wa Marekani walizoea kuondoa na ovari pia, hata zikiwa nzima, kwa kuhofia saratani. Desturi hiyo ilipimwa na utafiti uliochapishwa mwaka 2009, uliowafuatilia wauguzi 29,380 walioondolewa mji wa mimba, kwa muda wa miaka 24. Walioondolewa ovari walipata saratani ya ovari na ya matiti kwa uchache. Lakini maradhi ya moyo yaliwapata zaidi, na vifo vyao kwa jumla vilizidi vya wenzao. (Mwenye urithi wa saratani hiyo katika ukoo ni suala jingine.) Isitoshe, ovari zikiondolewa kabla ya wakati wake, estrojeni hushuka kwa siku chache badala ya miaka, na mafukuto yaliyokimbiwa huja kwa ukali zaidi.

Kabla ya kisu zipo njia nyingine. Kwa damu nyingi kuna asidi ya traneksamiki, iliyotokana na kazi ya Utako na Shosuke Okamoto huko Japani katika miaka ya 1960, na kitanzi chenye homoni, ambacho huupunguza utando unene. Kwa mafukuto kuna estrojeni. Mwenye mji wa mimba hana budi kuongezewa projestojeni, kwani mwaka 1975 ilidhihirika kwamba estrojeni peke yake huzidisha saratani ya utando. Aliyeondolewa mji wa mimba husalimika na sharti hilo, ingawa faida hiyo haitoshi kuwa sababu ya kumlaza mtu mezani.

Kabla ya uamuzi wowote, chanzo cha damu hutafutwa, pengine kwa kuchukua kipande kidogo cha utando na kukipima. Na damu itokayo baada ya miezi 12 kamili bila hedhi si hedhi tena. Hiyo huhitaji kuchunguzwa na daktari mapema, hata ikiwa ni matone.