Mafuta ya ngazi ya kujipakaa: usalama unaanzia kwetu

Kila mama anajua kazi ya mafuta ya kokwa za ngazi, yale meusi ambayo Kinshasa wanaita manyanga. Mtoto akizaliwa, anapakwa. Nywele zikikauka, zinapakwa. Mafuta yanafunika ngozi na kuzuia maji yake yasitoke upesi. Ndiyo sababu ngozi inabaki laini.

Lakini mtengenezaji wa sabuni ao pomade akija kununua, atauliza: "Ni salama?" Kumjibu "ni ya asili, tunajipakaa tangu utoto" haitoshi. Ukungu nao ni wa asili.

Marekani kuna jopo la wataalamu, lililoanzishwa 1976, linalochunguza vitu vinavyotiwa ndani ya vipodozi. Mwaka 2011 lilipitia mafuta 244 ya mimea, ya ngazi yakiwemo, likasema ni salama kwa namna yanavyotumiwa. Hata hivyo liliwakumbusha watengenezaji wajihadhari na mabaki ya dawa za shamba na madini mazito. Ulaya nako, kila kipodozi lazima kiwe na ripoti ya usalama mbele ya kuuzwa.

Maana yake ni hii: mti wetu hauna shida. Shida inaingia njiani, mikononi mwetu.

- Kokwa: zikaushe vizuri, toa zote zenye ukungu. Ukungu mwingine unaleta sumu ya aflatoksini.
- Maji: mafuta yenye maji yanaharibika upesi, yananuka, yanaweza kuwasha ngozi. Chemsha mpaka yaache kulia, kisha chuja kwa kitambaa safi.
- Bidoni: usitumie iliyobeba dawa ya wadudu, mazuti ao petroli, hata ukiiosha mara kumi.
- Kuchanganya: usitie hidrokinoni wala zebaki ili "yang'arishe". Zinaumiza, na Ulaya zimekatazwa katika krimu za ngozi.
- Daftari: andika tarehe, jina la mkulima na lita. Weka chupa ndogo ya kila fungu mahali pa giza.

Bidoni moja mbaya ikimwagwa ndani ya pipa la koperative, pipa lote linarudishwa. Hata yule aliyekausha kokwa zake vizuri anapoteza. Kwa hiyo mbele ya kumimina: fungua, tazama, nusa. Yenye kunuka itengwe, hata kama ni ya mwenyekiti.