Toka Kolwezi mpaka Kakuma: mwenzetu anaomba barua

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama wa nyumbani, hii habari inaanzia kwetu, kwenye kazi yetu.

Kulikuwa kijana mumoja mu ekipi yetu. Kazi aliijua, na mchango wa sendika alikuwa analipa kila mwezi bila kukumbushwa. Siku moja mwenzake alichukua telefoni yake, akasoma mesaje alizokuwa anaandikiana na mwanaume. Mbele ekipi ya usiku iingie, wote walikuwa wanajua. Walimungojea pale tunabadilishaka nguo, wakamupiga, wakamwambia asirudi tena. Kwao nako, wakatupa vitu vyake inje.

Mimi nilikuwa delege. Nilisema: «Hii si maneno ya kazi.» Nikanyamaza.

Akaenda. Kasumbalesa, Zambia, Tanzania, bisi kwa bisi, mpaka Kenya. Leo iko Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 kule Turkana, kaskazini ya Kenya. Juzi telefoni yangu ikalia: «Papa delege, unanikumbuka?»

Namukumbuka sana.

Kwa nini hakubakia Zambia, hapa karibu? Sheria ya kule inaweza kumufunga mwanaume aliyelala na mwanaume mwenzake miaka 15 mpaka maisha. Mwezi wa Novemba 2019, wawili walipewa miaka 15. Rais Edgar Lungu aliwasamehe Mei 2020. Uganda ni mbaya zaidi: sheria ya 2023 inafika mpaka hukumu ya kifo kwa makosa fulani. Kenya nayo iko na kifungo cha miaka 14, na Mei 2019 Korti Kuu ya Nairobi ilikataa kuondoa ile sheria. Lakini Kenya ilipokea wakimbizi wa namna yake, zaidi Waganda waliokimbia sheria ya kwao ya 2014. Njo sababu walimwambia: enda kule.

Sasa maneno ya makaratasi ikaanza. Kenya, mukimbizi anapashwa kukaa mu kambi. Kutoka ni kwa ruhusa. Akikamatwa Nairobi bila karatasi, anaweza kulala mu kasho ao kurudishwa kambini. Mwezi wa Aprili 2014, mu operesheni Usalama Watch, polisi ilikamata watu maelfu Nairobi; wengi walifungiwa mu stade ya Kasarani.

Kwa mutu kama yeye, ni shimo inabomoka pande mbili. Mu muji, polisi na makaratasi. Mu kambi, majirani. Machi 2021, pale Kakuma, moto ulirushwa kwa wanaume waliokuwa wamelala. Mumoja, Muganda wa miaka 22, alikufia hospitali Nairobi mwezi uliofuata.

Mulango uliobakia ni kupelekwa inchi ya tatu. Wengi walikuwa wanangojea Amerika. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Donald Trump alisimamisha kupokea wakimbizi. Wenye walikuwa kwenye mustari wakabakia palepale.

Hata inchi ingine ikifungua, kuko mahojiano. Na Mukongomani anaulizwa swali nguvu: «Kwenu hakuna sheria inayokataza kwa jina. Unakimbia nini?» Ni kweli, kode yetu ya makosa haitaji ile kintu, hata kama artikle ya kuharibu adabu mbele ya watu inaweza kutumiwa kumutisha mutu. Sasa atajibu nini? Atajibu kwamba alikimbia sisi.

Na jibu lile linakubalika. Mapatano ya Geneva ya 1951 inakataza kumurudisha mukimbizi pale maisha yake iko mu hatari. Mwaka 2012, HCR iliandika wazi kwamba hata wanaopenda wa jinsia yao wanaweza kuwa wakimbizi, na hatari inaweza kutoka kwa jamaa ao majirani, kama serikali haimulinde. Ulaya, korti yao ya Luxembourg ilisema mwaka 2014: msimupime, msimuombe video za kitandani. Basi inabakia neno lake, na neno la washahidi.

Njo aliniomba barua.

Wengine watasema: desturi yetu inakataa, kanisa inakataa. Mimi si pasteri. Mimi nauliza swali la sendika: mutu alipigwa kazini, akapoteza mukate, na delege alikuwa pale. Hii si maneno ya kazi? Na sisi watu wa Kolwezi tunajua kufukuza ni nini. Mwaka 1992 na 1993, ndugu zetu Wakasai walilala siku mingi ku gare, hapa na Likasi, kungojea treni. Wengi wao walikuwa wafanyakazi kama sisi.

Nikaandika. Nikatia tarehe, mahali, fimbo alizopigwa. Nikatia na neno langu la siku ile, vile nililisema. Nikaomba watatu waliokuwa pale wasaini. Wawili wakakataa, wanaogopa majina yao. Wa tatu alisoma mara mbili, akauliza: «Mama yake anajua iko muzima?» Akasaini.

Kama mutu wa ekipi yako alifukuzwa vile, na wewe ulikuwa pale, usingoje miaka. Andika wakati bado unakumbuka.