Kasha la data: bei ya chini si bei yote

Makasha ya kuhifadhia data kwenye mtandao wa nyumbani mara nyingi huuzwa matupu. Diski hununuliwa kando, nazo zaweza kuzidi bei ya kasha. Mnunuzi alinganishe jumla. Tena diski mbili za terabaiti 4, moja ikiwa nakala ya nyingine, hutoa nafasi ya terabaiti 4, si 8.

Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kuwa baadhi ya diski zake za Red, za terabaiti 2 hadi 6, huandika data kwa mistari inayolaliana kama vigae vya paa. Diski za namna hiyo huweza kusuasua sana pale iliyokufa inapobadilishwa, na hapo ndipo hesabu za duka zimebaki katika nakala moja. Kabla ya kulipa, isomwe namba kamili ya modeli kwenye diski yenyewe.