TRANSFA ILIYOGANDA

Wasomaji wengi wa gazeti letu wamepanda Land Rover kati ya Mbulu, Haydom na Katesh, lakini sidhani kama ni wengi waliojiuliza ni kitu gani kinachofanya gari lile lipite mahali ambapo magari mengine hukwama. Kitu hicho huitwa transfa. Katika likizo ya Desemba iliyopita nilikaa siku nne katika gereji moja ya Dongobesh nikisaidia kutoa transfa iliyokuwa imegandamana na giaboksi. Nimeona yafaa niandike habari hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, ndani yake mna fizikia na kemia ile ile tunayofundishwa darasani. Pili, siku ile nusura mtu wa nyumbani kwetu apoteze mkono, na kosa lilikuwa langu.

Kabla sijafika huko, hapana budi nieleze transfa ni nini. Nguvu ya injini hupita kwenye klachi, ikaingia giaboksi, na katika magari mengine mengi hutoka hapo kwa propela moja kwenda magurudumu ya nyuma. Katika Land Rover kuna sanduku jingine la gia lililofungwa kwa bolti mgongoni mwa giaboksi. Hilo ndilo transfa. Kwake hutoka propela mbili, moja ya kwenda mbele na moja ya kwenda nyuma. Katika Land Rover 110, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1983, magurudumu yote manne huvuta wakati wote, na dereva ana kigingi kidogo cha kuchagua gia nyepesi au gia ya nguvu. Katika transfa nyingi za gari hilo, ukiwa katika gia nyepesi shafti ya giaboksi huzunguka mara 1.4 ili propela izunguke mara moja. Ukiweka gia ya nguvu, shafti hiyo huzunguka mara 3.32. Hesabu yake ni rahisi: nguvu ya kuvuta huongezeka zaidi ya mara mbili, na mwendo hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Hakuna kinachopatikana bure.

Baba mdogo ana Land Rover ya namna hiyo, ya wazi nyuma. Wakati wa mavuno hubeba vitunguu saumu na mahindi, na mara nyingine hupita Haydom na Basotu mpaka Katesh kuleta alizeti. Tena, usiku mtu akizidiwa kijijini, gari hilo ndilo linalogongewa mlango ili apelekwe hospitali ya Haydom. Kwa hiyo lilipoanza kutoa mlio kila dereva alipoachia klachi, tak! kama mtu anayegonga sufuria, haikuwa shida ya mtu mmoja.

Fundi alifungua mfuniko mdogo ulio nyuma ya transfa, mahali panapoweza kufungwa mashine ya kuvutia kamba, akatuonyesha kwa tochi. Ndani yake huonekana ncha ya shafti ya giaboksi, yenye meno marefu yaliyoingia katika gia ya kwanza ya transfa. Meno yale yalikuwa yamelika, na kati yake palikuwa na unga mwekundu mkavu kama ugoro. Alitueleza kuwa gia za zamani hazikuwa na tundu la kupitishia oili mpaka kwenye meno hayo; baadaye kiwanda kikaanza kuzitoboa. Chuma kikisuguana na chuma bila oili, hata kwa mtikisiko mdogo, hujisaga kuwa kutu. Zaidi ya hayo, oili ya giaboksi ilikuwa ikivuja kuingia kwenye transfa kwa sababu sili ya katikati imekwisha. Ilikuwa lazima transfa ishuke.

Siku ya kwanza fundi aliitwa kazi nyingine, baba mdogo akaona tuanze wenyewe pamoja na vijana wawili wa gereji. Aliniambia, “Mwanangu, weka mawe kwenye magurudumu.” Nikatazama ndani ya gari, nikaona breki ya mkono imevutwa na gia ya kwanza imewekwa. Nikaona yatosha. Sikuweka mawe.

Kumbe sikujua jambo ambalo sasa nataka kila msomaji alijue. Katika gari hilo breki ya mkono haikai kwenye gurudumu. Iko nyuma ya transfa, nayo hushika propela ya nyuma. Gia pia hushika gari kwa kupitia propela. Ukiziondoa propela, breki ya mkono huwa imeshika hewa, na gia ni hivyo hivyo. Uwanja wa gereji ile una mteremko kidogo. Propela ya mbele ilikuwa imekwisha kutolewa. Baba mdogo, akiwa chini ya gari, alipochomoa bolti ya mwisho ya propela ya nyuma, gari likaanza kwenda. Lilikwenda hatua mbili tu, likazuiwa na kisiki cha mkaratusi. Gurudumu la nyuma lilipita upana wa kiganja kutoka kwenye mkono wake. Alitoka chini, akakaa juu ya kisiki kile, wala hakusema neno kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, “Mawe yako wapi?” Sikuwa na jibu.

Baada ya hapo tuliweka mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu, tukaendelea. Tulimwaga oili ya transfa, tukafungua ngoma ya breki, waya wa spidi, vyuma vinavyounganisha vigingi vya gia, na bolti zote tulizoziona. Kisha tukavuta. Transfa haikutikisika. Mmoja wa wale vijana akaingiza mtaimbo upande mmoja, mwingine akapiga kwa nyundo kubwa. Pigo la tatu likatoa sauti ya kuvunjika, nasi tukafurahi tukidhani imeachia. Kilichokuwa kimeachia ni sikio moja la ganda la transfa. Ganda hilo ni la alumini, na alumini iliyotiwa katika kalibu haipindi kama chuma, huvunjika. Sikio lile lilibidi lipelekwe Arusha kuchomelewa, na gharama yake ilizidi ile ya gia mpya tuliyokuja kufunga.

Kesho yake fundi alirudi. Ni mzee mwenye maneno machache. Nilimwamkia, “Shikamoo, mzee,” akaitikia, akainama chini ya gari kwa muda, kisha akasema, “Ninyi mmeuliza nguvu zenu. Mngeiuliza kwanza imeshikwa na nini.” Halafu akatufundisha kwamba transfa ikiganda, mara nyingi imeshikwa na vitu vitatu, na kila kimoja kina dawa yake.

Cha kwanza ni nati iliyosahauliwa. Alituambia tuinue kifuniko cha katikati ya viti, akaingiza mkono kutoka juu, akakwangua udongo mweusi uliokauka kama tofali. Chini yake palikuwa na nati moja nzima, bado imekaza barabara. Wakati tulipokuwa tukipiga nyundo, nati ile ilikuwa ikifanya kazi yake kwa uaminifu. Kwa hiyo kanuni yake ni hii: safisha kwanza, hesabu matundu yote yanayoonekana pande zote mbili, kisha hesabu bolti ulizonazo kwenye bakuli. Zisipolingana, usivute.

Cha pili ni kutu. Kati ya giaboksi na transfa kuna pini ya chuma inayoelekeza masanduku hayo mawili yakae sawa. Pini ni ya chuma na ganda ni la alumini. Metali mbili za namna hiyo zikigusana penye maji na matope hufanya kama seli ya betri, na alumini ndiyo inayolika. Hugeuka unga mweupe, na unga huo huhitaji nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa. Kwa kuwa hakuna nafasi, huibana pini kama kabari. Dawa yake si nyundo. Tulichanganya mafuta ya taa na oili nyepesi, tukatia kwenye kiungo chote, na kwa ule mfuniko wa nyuma tukatia pia kwenye meno ya shafti. Tukaacha usiku kucha. Yafaa nikumbushe kwamba mafuta ya taa hushika moto, kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kusogea na kiberiti, na moto wa gesi haukutumika kabisa.

Asubuhi tulifuta mafuta yote, tukachemsha maji kwenye mafiga mbali na gari, tukaloweka matambara na kuyazungushia ganda mahali penye pini. Hapa ndipo nilipolikumbuka somo la fizikia. Alumini ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100, lakini hata tukichukulia joto limeongezeka digrii 70 tu, tundu la pini ya milimita 12 hutanuka kuliko pini yenyewe kwa karibu sehemu moja ya mia ya milimita. Huenda msomaji akacheka udogo wake. Lakini pini haikuomba njia pana. Ilihitaji kuachiwa tu, na mafuta yapate pa kupenya.

Cha tatu ni uzito. Transfa ile ina uzito usiopungua sana mfuko wa saruji, nao wote huning’inia nyuma. Ukifungua bolti bila kuitegemeza, mkia wake huinama, na meno ya shafti hubanana. Ni kama mtoto wa meza: ukimvuta kwa pembe moja hukwama, ukimvuta sawasawa kwa mikono miwili hutoka. Tuliweka jeki chini ya transfa pamoja na ubao mpana, na jeki nyingine chini ya giaboksi, maana mikono inayoishikilia kwenye chesisi hufunguliwa pia. Tena fundi alitwaa bolti mbili ndefu, akazikata vichwa na kuzifunga katika matundu mawili ya bolti, ziwe reli za kuongozea transfa inyooke itokapo.

Basi, kila kitu kilipokuwa tayari, tuliingiza kabari mbili za mti, moja kila upande, tukazigonga polepole kwa zamu, huku baba mdogo akizungusha shafti ya nyuma kidogo mbele na kidogo nyuma. Fundi alikuwa akipandisha na kushusha jeki kwa nyuzi chache tu. Kwa muda wa kama robo saa hapakuwa na badiliko lolote. Kisha tukasikia mlio mdogo, na pakatokea mwanya usiozidi unene wa ukucha. Hakuna aliyeshangilia safari hii. Mwanya ulipofika upana wa vidole viwili, transfa ikateleza juu ya zile reli, ikatoka yenyewe kama kisu katika ala.

Kazi ya kurudisha sitaieleza kwa urefu. Gia mpya na sili mpya zilifungwa, meno na pini vikapakwa grisi ili atakayefungua mara nyingine asipate taabu tuliyoipata sisi. Siku ya tatu baada ya gari kutoka gerejini liligongewa mlango usiku, likampeleka mgonjwa Haydom, likarudi asubuhi bila ule mlio.

Ndugu zangu wanafunzi, sote tuna vitu vilivyogandamana: hesabu isiyotoka, ndugu tuliyekosana naye, kazi isiyosogea. Desturi yetu ni kuongeza nguvu. Mimi nimejifunza kuuliza kwanza kimeshikwa na nini. Na kwa wazazi na walimu wenye magari, naomba mlipokee neno moja kutoka kwa kijana aliyepona aibu kubwa kuliko hii: kabla mtu hajaingia chini ya gari, wekeni mawe, hata kama breki ya mkono imevutwa. Siku hizi baba mdogo hahitaji kuniambia. Huweka mimi mwenyewe, kisha naye huja kuyapiga teke moja moja kuhakikisha, nami simlaumu.

Mwanafunzi, Kidato cha IV